Nokia ilijua

Kila baada ya miezi michache kuna kisa kinachorudi kwenye makundi ya WhatsApp. Kinasema kwamba siku Nokia ilipoiuzia Microsoft biashara yake ya simu, mkurugenzi mtendaji alisimama mbele ya waandishi wa habari akatamka, "Hatukukosea chochote, lakini tumeshindwa," kisha yeye na wenzake wakaangua kilio. Chini yake hufuata mawaidha kuhusu kubadilika na nyakati.

Kisa hicho kinasomeka vizuri, lakini hakikai pamoja na maandishi ya mtu mwenyewe. Mkurugenzi huyo, Stephen Elop, raia wa Kanada, aliwaandikia wafanyakazi wake waraka mrefu Februari 2011, miaka miwili na nusu kabla ya mauzo. Waraka ulivuja, dunia ikausoma. Ndani yake aliifananisha Nokia na mtu aliyeamka usiku juu ya jukwaa la kuchimbia mafuta baharini, jukwaa linawaka, na amebakiwa na mambo mawili: aungue, au ajirushe kwenye maji ya barafu. Akataja makosa moja baada ya jingine. Akasema kampuni ilijimwagia petroli yenyewe, na kwamba ilipungukiwa uongozi na uwajibikaji. Aliyeandika hayo mwaka 2011 hakuwa mtu asiyejua walikosea wapi.

Nimeanzia kwenye uzushi huo kwa sababu unatufunza jambo lisilo kweli, kwamba Nokia ililala. Haikulala. Karibu kila kitu kilichokuja kuiangusha kilikuwa kimeshapita mikononi mwake. Ilitengeneza simu ya kioo cha kugusa mapema, Nokia 7710, ikaitangaza mwaka 2004. Ilikuwa na kompyuta bapa ya intaneti, Nokia 770, mwaka 2005, miaka mitano kabla ya iPad. Ilitambua kwamba ramani zingekuwa mali, ikainunua kampuni ya Navteq kwa dola bilioni 8.1. Swali la kisa hiki si kwa nini Nokia haikujua. Swali ni yale iliyoyajua yalikwamia wapi, kati ya wahandisi wake na meza ya wakubwa, na kati ya meza hiyo na duka la Kariakoo.

Kiwanda kilichotujua

Nokia ni jina la mji mdogo wa Ufini, karibu na Tampere. Kampuni ilianza mwaka 1865 kwa kinu cha kusaga mbao za kutengenezea karatasi, na karne moja baadaye, mwaka 1967, ikaungana na wenzao wa mpira na wa nyaya za umeme. Kulikuwa na mabuti ya mpira ya Nokia na matairi ya Nokia. Jorma Ollila alipoishika mwaka 1992, aliyaacha hayo akabaki na mawasiliano. Simu ya kwanza ya mfumo wa GSM duniani ilikuwa imepigwa Helsinki tarehe 1 Julai 1991 juu ya mitambo ya Nokia, na mwaka 1998 kampuni ikaipita Motorola kwa kuuza simu nyingi kuliko wote. Ikakaa juu miaka 14.

Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa sana sehemu hii. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta jina la kitochi Tanzania, na Kenya simu za aina hiyo zikaitwa mulika mwizi. Baobonye yake ilikuwa kipande kimoja kisichopitisha vumbi, mgongo wake haukuteleza mkononi mwenye jasho, na taa yake ilifaa pale umeme ulipokatika. Ziliuzwa karibu milioni 250. Mwaka 2005 Nokia ilipouza simu yake ya bilioni moja, simu yenyewe ilikuwa 1100, na iliuzwa Nigeria.

Vitu hivyo havikutokea kwa bahati. Nokia iliwatuma watafiti kukaa na watu. Uganda walikuta desturi iliyoitwa sente: mtu wa Kampala ananunua vocha, anampigia mwenye simu ya kijiji, anamsomea namba, yule anaitumia vocha mwenyewe na kumpa mama wa mtu huyo, aliyeko kijijini, fedha taslimu, akijikatia chake. Huko ndiko kutuma pesa kwa simu kabla hakujawa na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Walikuta pia kwamba simu moja ina wenyewe wengi: baba, mama, shangazi, jirani. Ndipo Nokia 1200 ya mwaka 2007 ikaja na vitabu kadhaa vya majina ndani ya simu moja, pamoja na kikokotoo cha muda wa kuongea ili anayeazima alipe alichotumia. Nakiri kwamba jambo hili linanigusa. Kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi yake ilikuwa imemtazama kwa makini mtu asiyeweza hata kumiliki simu peke yake.

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, Safaricom ikaanzisha M-Pesa nchini Kenya, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata. Ilikaa ndani ya laini, hivyo kitochi kiliimudu bila shida. Kwa macho ya Nairobi au Dar es Salaam, hakukuwa na dalili yoyote kwamba ufalme wa Nokia ulikuwa karibu na mwisho wake.

Mwaka wenye kilele na ufa

Mwaka 2007 Nokia iliuza simu milioni 437. Kati ya kila simu kumi zilizouzwa duniani mwishoni mwa mwaka, nne zilikuwa zake, na kwa simujanja ilikuwa na karibu nusu ya soko.

Tarehe 9 Januari mwaka huo Steve Jobs alikuwa ameonyesha iPhone. Ukiiweka kwenye karatasi kando ya Nokia N95, iPhone ile ilikuwa na upungufu mwingi. Haikuwa na mtandao wa 3G. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 2, ya N95 megapikseli 5. N95 ilikuwa na GPS, iPhone haikuwa nayo. Haikuweza kunakili maneno na kuyabandika mahali pengine, wala kutuma picha kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Mtu wa Nokia aliyeisoma orodha ile angelala usingizi wake vizuri.

Lakini orodha haikuonyesha kidole kinavyosikia. Vioo vya kugusa vya Nokia vilikuwa vya kukandamiza: tabaka mbili nyembamba zinazokutana unapobonyeza, kwa ukucha au kalamu yake. Kioo cha iPhone kilihisi umeme mdogo wa ngozi, hivyo ulitelezesha tu, na orodha ikakimbia kisha ikapunguza mwendo kama kitu chenye uzito. Nyuma ya kioo kile kulikuwa na programu zilizojengwa upya kwa ajili ya kidole. Julai 2008 Apple ikafungua duka la programu, na Oktoba mwaka huohuo simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni. Toka hapo mnunuzi hakuwa akinunua simu peke yake. Alinunua pia kazi ya maelfu ya waandishi wa programu ambao hakuwahi kuwaona.

Hapo ndipo Symbian, mfumo ulioendesha simujanja za Nokia, ilipoiangusha kampuni, na jambo hili linastahili maelezo, maana wengi husema tu kwamba Symbian ilikuwa ya kizamani. Symbian ilitokana na mfumo wa Psion, kampuni ya Uingereza ya kompyuta ndogo za mfukoni. Mwaka 1998 Psion, Nokia, Ericsson na Motorola waliunda kampuni ya pamoja ya kuuendeleza. Wakati ule memori ya kifaa ilikuwa kama mtungi mmoja wa maji kwa nyumba nzima; kila tone lilihesabiwa. Symbian iliandikwa kwa nidhamu hiyo. Ilitunza betri, ilitunza memori, haikupoteza data ovyo. Kwa mwaka 2000 ilikuwa kazi ya mafundi kweli.

Nidhamu hiyohiyo ikawa mzigo. Mwandishi wa programu alilazimika kujifunza kanuni za pekee ambazo hazikuwepo mahali pengine popote, hata namna ya kushughulikia maneno ya kawaida kwenye kioo. Kazi ya siku mbili kwenye iPhone ilikuwa ya wiki kadhaa kwenye Symbian. Juu ya hapo, Nokia ilitoa simu nyingi mno kila mwaka, nyingine za kubonyeza, nyingine za kufungua kama kitabu, nyingine za kutelezesha, na kila moja ilidai marekebisho yake. Programu iliyofanya kazi kwenye simu moja ingeweza kugoma kwenye dada yake. Mfumo ambao misingi yake ilimwagwa kwa ajili ya mabatani uliwekewa kidole juu, na ufa ukaonekana kila mtu alipougusa.

Nokia N97 ndiyo iliyouweka ufa huo hadharani. Ilitangazwa Desemba 2008, ikaingia madukani Juni 2009, ikiwa tegemeo la kuijibu iPhone. Kioo chake kilikuwa bado cha kukandamiza. Memori ya kuendeshea programu ilikuwa finyu, na nafasi ya ndani ya mfumo ilijaa upesi ingawa simu ilitangazwa kuwa na gigabaiti 32. Walioinunua walikuwa wapenzi wa Nokia, watu waliokuwa tayari kulipa bei kubwa kwa sababu ya jina. Mwaka uliofuata Anssi Vanjoki, mmoja wa wakubwa wa kampuni, alikiri waziwazi kwamba ubora wa simu ile uliwasikitisha sana. Mteja wa namna ile akiondoka harudi kirahisi. Anakuwa pia mshauri wa ndugu zake kuhusu simu ipi wasinunue.

Hofu kwenye ngazi

Sasa nirudi kwenye swali langu. Wahandisi wa Nokia waliiona shida ya Symbian. Fedha zilikuwepo: mwaka 2010 kundi zima la Nokia, pamoja na biashara ya mitambo ya mitandao, lilitumia zaidi ya euro bilioni 5 katika utafiti na uundaji. Mbona habari haikufika?

Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto na Quy Huy wa INSEAD, walizungumza na watu 76, wakiwemo wakubwa, mameneja wa kati na wahandisi wa Nokia. Walichokikuta ni hofu ya aina mbili, na kila moja iliilisha nyenzake. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, hivyo wakadai majibu ya haraka na hawakutaka kuonekana wameyumba. Mameneja wa kati hawakumwogopa Apple. Waliwaogopa mabosi wao. Aliyesema kwamba kazi haitakamilika kwa muda uliopangwa aliweza kuonekana hana ari, na mwingine alikuwa tayari kusema itakamilika. Kwa hiyo ripoti zilipanda ngazi zikizidi kunawiri kila hatua. Mhandisi alisema haiwezekani, msimamizi akasema ni ngumu, meneja akasema tunaendelea, na mkubwa akasikia kwamba mambo yako sawa.

Wengi wa waliokaa juu hawakuwa watu wa programu. Ollila alitokea benki. Olli-Pekka Kallasvuo, aliyeshika usukani mwaka 2006, alikuwa mwanasheria aliyepitia idara ya fedha. Sisemi kwamba mwanasheria hawezi kuongoza kampuni ya simu. Ila mtu aliyewahi kuandika programu akiambiwa kwamba mfumo wa kidole utakuwa tayari baada ya miezi sita, atauliza maswali matatu na kujua kwamba anadanganywa. Apple alikuwepo mtu wa kuuliza maswali hayo. Nokia, mwenye kuuliza alikuwa ngazi tatu chini, naye alishajifunza kunyamaza.

Upangaji wa mwaka 2004 uliongeza tatizo. Kampuni iligawanywa upya kiasi kwamba wenye bidhaa na wenye programu walikuwa chini ya wakubwa tofauti, na kila mwenye bidhaa aliwagombea wahandisi walewale. Timu ya Maemo, mfumo mpya uliotokana na Linux, ilikaa pembeni kwa miaka ikitoa kifaa kimoja kimoja. N900 ilipotoka mwishoni mwa 2009, ilionekana kabisa kwamba hapo palikuwa na kitu. Februari 2010 wakubwa wakaamua kuuunganisha Maemo na mfumo wa Intel, wakauita MeeGo, na mwaka mwingine ukapotelea katika kushona nguo mbili zisizo na kipimo kimoja. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mbaya kuliko wote wa kabla ya Elop. Nokia ilikuwa na mche unaochipua, ikaung'oa ili iupande upya katika shamba la ubia.

Tarehe 11 Februari 2011

Elop alianza kazi Septemba 2010, mtu wa kwanza asiye Mfini kuiongoza Nokia, akitokea Microsoft. Siku chache baada ya waraka wake kuvuja, alisimama London pamoja na Steve Ballmer wa Microsoft akatangaza kwamba simujanja za Nokia zitahamia Windows Phone. Symbian itazikwa polepole. MeeGo itabaki kama jaribio. Hisa za Nokia zilianguka kwa takriban asilimia 14 siku ileile.

Kosa lake lilikuwa la kuhesabu miezi. Mwenye duka la nguo hasimami mlangoni mwezi Februari akatangaza kwamba shehena yote iliyopo rafuni ni ya mtindo uliokufa, na mzigo mpya unakuja Novemba. Elop alifanya hivyo. Alitarajia kuuza simu za Symbian milioni 150 zaidi wakati wa kuhama, lakini kampuni za mitandao ya simu na wateja walimsikia vizuri mno. Robo ya mwisho ya 2010 Nokia iliuza simujanja milioni 28.3. Robo ya pili ya 2011 iliuza milioni 16.7, na Apple, kwa modeli chache tu za iPhone, ikauza milioni 20.3. Lumia 800, ya kwanza ya Windows, ilitangazwa Oktoba. Ilikuwa nzuri kuishika. Juni 2012 Microsoft ikatangaza Windows Phone 8, na wenye Lumia walizonunua miezi michache iliyopita wakaambiwa simu zao hazitapanda toleo hilo.

Kuna simu moja ya kipindi kile ambayo bado naihurumia. N9, ya MeeGo, ilionyeshwa Juni 2011. Haikuwa na kitufe hata kimoja usoni. Ulitelezesha kidole kuanzia ukingoni ili kuhama programu moja kwenda nyingine, jinsi tunavyofanya leo kwenye karibu kila simu. Elop akasema hata ikipendwa, Nokia hairudi nyuma. Haikupelekwa rasmi Marekani wala Uingereza wala Ujerumani. Kazi ya miaka sita ilifika dukani ikiwa imeshahukumiwa.

Watu huuliza kwa nini hakuchagua Android. Alizungumza na Google. Baadaye alieleza kwamba aliona hatari ya mtengenezaji mmoja kumeza Android yote, na katika hilo hakukosea hata kidogo. Samsung iliimeza. HTC, iliyotoa simu ya kwanza ya Android, mwaka 2017 iliwauzia Google sehemu ya wahandisi wake. LG iliacha simu kabisa mwaka 2021. Anayesema Android ingeiokoa Nokia anapaswa kwanza aeleze kwa nini haikuwaokoa hao. Jibu langu ni kwamba Nokia ilikuwa na kitu ambacho HTC hawakuwa nacho: jina na wauzaji katika kila mji wa Afrika na Asia. Android ya bei nafuu yenye jina la Nokia mwaka 2011 ingeuzika Mwanza na Kisumu bila tangazo. Wakati huo Kenya, Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei Ideos ya Android kwa bei iliyokaribia dola 100, na watu waliipokea kwa mikono miwili. Nokia ilikuja na Android yake, Nokia X, Februari 2014, ikiwa imebakiza miezi miwili mikononi mwa Wafini.

Laini mbili

Uchambuzi mwingi ulioandikwa Ulaya na Marekani huishia kwenye iPhone na Android. Kwetu Nokia ilipigwa pia kutoka chini.

Aliyeishi Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi kati ya 2008 na 2012 anakumbuka hesabu za laini. Kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi, kuvuka kwenda mwingine kulikuwa ghali. Mtandao wenye nguvu mjini haukushika kijijini kwa bibi. Pesa zilitumwa kwa laini moja, vifurushi vizuri vilikuwa kwenye nyingine. Agosti 2010 mtandao wa Zain Kenya ulishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na ghafla kila mtu aliyekuwa na Safaricom alitaka laini ya pili bila kuiacha ya kwanza. Wenye uwezo walitembea na simu mbili. Wengine walikuwa na simu moja na laini tatu kwenye pochi, wakifungua mfuniko wa nyuma na kutoa betri kila wanapotaka kubadili.

Hilo lilikuwa tatizo jepesi kuliko la simu ya ukoo mzima, ambalo Nokia ililitatua kwa 1200. Halikuhitaji mtafiti. Lilionekana kwenye kila kibanda cha vocha. Simu za Kichina za laini mbili zilikuwa zimeshajaa Kariakoo na mtaa wa Luthuli, Nairobi. Nokia ilitangaza ya kwanza, C1-00, Juni 2010, nayo ilitumia laini moja kwa zamu: ukiwa kwenye hii, ile nyingine imezimika, na anayekupigia huko hakupati. Laini mbili zilizo hewani kwa pamoja zilikuja na C2-00 mwaka 2011, na mara tu zilipokuja watu walizinunua kwa mamilioni. Kiu ilikuwepo wakati wote. Sababu ya kuchelewa, nionavyo, ni kwamba wateja wakubwa wa Nokia walikuwa kampuni za mitandao ya simu za Ulaya, na hakuna kampuni ya mtandao inayofurahia tundu la laini ya mshindani wake ndani ya simu inayoiuza yenyewe.

Waraka wa Elop ulilitaja jeshi lililokuwa likija kutoka chini. MediaTek ya Taiwan iliuza chipu pamoja na mchoro kamili wa simu, hivyo karakana ya Shenzhen haikuhitaji maabara wala watafiti. Ilihitaji plastiki na mafundi. Akamnukuu mfanyakazi mmoja aliyesema, nusu kwa utani, kwamba watengenezaji wa China wanatoa simu kwa muda mfupi kuliko ule ambao Nokia inatumia kung'arisha slaidi za kikao. Kwa hiyo hata hili lilijulikana.

Katika wote waliotoka Shenzhen, mmoja alitutazama jinsi Nokia ilivyowahi kututazama. Transsion ilianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaamua kuweka nguvu zake Afrika. Simu zake za Tecno na itel zilikuja na laini mbili tangu mwanzo, betri ya kukaa siku nyingi na spika ya kusikika sokoni. Ilifungua vituo vya kutengeneza simu zake. Mwaka 2011 ikaanza kuunganisha simu Ethiopia. Simujanja zilipoiva, ilirekebisha kamera ili nyuso nyeusi zisipotee gizani. Ni somo lilelile la vumbi na tochi, limefanywa na mtu mwingine.

Wapo wanaosema biashara ya vitochi haikuwa na uhusiano na vita vya simujanja. Siafiki. Faida ya simu ndogo ndiyo iliyokuwa ikilipia miaka ya kujaribu. Na mtu hupanda kutoka simu moja kwenda nyingine ndani ya jina analoliamini. Aliyenunua Tecno ya mabatani mwaka 2010 kwa sababu ya laini mbili, ndiye aliyenunua Tecno ya Android miaka mitatu baadaye.

Wakati huo jina la Nokia lilikuwa na heshima kiasi cha kughushiwa. Kenya ilipozizima simu bandia usiku wa kuamkia Oktoba 2012, takriban milioni 1.9 zilinyamaza, na Tanzania ikafuata Juni 2016.

Mauzo

Robo ya kwanza ya 2012 Samsung iliipita Nokia kwa jumla ya simu zote. Juni mwaka huo zilitangazwa kazi 10,000 za kupunguzwa, na kiwanda cha Salo, cha mwisho cha simu nchini Ufini, kikafungwa. Desemba makao makuu ya Espoo, jengo la vioo kando ya bahari, yaliuzwa kwa euro milioni 170 na Nokia ikabaki humo kama mpangaji. Hisa iliyokuwa juu ya euro 60 mwaka 2000 ilikuwa imegusa chini ya euro 2.

Tarehe 3 Septemba 2013 mauzo yalitangazwa: euro bilioni 5.44, na wafanyakazi wapatao 32,000 kuhamia Microsoft. Yalikamilika Aprili 2014. Mwaka 2015 Microsoft ilifuta dola bilioni 7.6 vitabuni kwa sababu ya ununuzi huo. Jina likarudi madukani kupitia HMD, kampuni ya Ufini iliyoanzishwa mwaka 2016. Nokia yenyewe inaishi kwa mitambo ya mitandao.

Elop alihamia Microsoft pamoja na wafanyakazi wake. Tarehe 17 Julai 2014 aliwaandikia waraka mwingine. Ule wa 2011 ulikuwa mkali na wa wazi, ukiuita moto kwa jina lake. Huu ulianza kwa salamu ya kirafiki, ukaeleza mkakati, ukaeleza modeli za bei ya juu na za bei ya chini, na namna vifaa vitakavyobeba huduma za Microsoft. Aya baada ya aya zilipita. Ndani kabisa, baada ya hayo yote, ndipo waliosoma hadi huko walipokuta kwamba watu 12,500 kati yao hawatakuwa na kazi.